Sikio, gumba na kidole cha mguu: damu itakasayo hugusa wapi?

Katika Waebrania 9:22 kuna neno dogo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio wakiwahi maneno ya mwisho. Mstari unasema: "Na katika Torati karibu vitu vyote husafishwa kwa damu, na pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo." Neno lenyewe ni "karibu". Kwa nini mwandishi hakusema vitu vyote, akamaliza? Kwa sababu aliijua Torati yake. Mambo ya Walawi 5:11 inamruhusu mtu asiye na uwezo hata wa kupata hua wawili au makinda mawili ya njiwa alete unga: sehemu ya kumi ya efa, kama lita 2 hivi, kilo moja na kidogo kwa mizani ya dukani. Unga mwembamba, usiotiwa mafuta wala ubani. Kuhani alitwaa konzi moja, akaiteketeza juu ya madhabahu, na mtu yule akasamehewa. Hiyo ni sadaka ya dhambi kamili, na haina tone la damu.

Wala si unga peke yake. Vyombo vya dhahabu, shaba na chuma vilivyotekwa vitani vilipitishwa motoni (Hesabu 31:22-23). Nusu shekeli ya kila aliyehesabiwa iliitwa fedha ya upatanisho (Kutoka 30:16). Pigo lilipozuka kambini, Haruni alikimbia na chetezo cha uvumba akasimama kati ya waliokufa na walio hai, na pigo likazuiwa (Hesabu 16:46-48).

Naanza na unga kwa makusudi. Mahubiri mengi huichukulia damu kama dawa: ina nguvu kwa sababu ni kimiminika cha aina fulani, na kadiri inavyotajwa mara nyingi ndivyo inavyozidi kufanya kazi. Torati inaeleza sababu waziwazi katika Walawi 17:11, na sababu hiyo haimo katika umajimaji wake: "Kwa kuwa uhai wa mwili u katika hiyo damu, nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu". Angalia nani anampa nani. Mungu ndiye anayetoa. Mwanadamu anarudisha tu kile alichopewa, mahali alipoagizwa.

Hapa neno letu la kafara linatusaidia na kutuponza kwa wakati mmoja. Lilitufikia kwa Kiarabu, na mzizi wake ni ndugu wa mzizi wa Kiebrania uliozaa Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho, na kaporeti, kile kifuniko cha sanduku la agano ambacho Biblia yetu inakiita kiti cha rehema. Kwa nasaba ni neno halali kabisa. Lakini mitaani siku hizi ukisikia "alimtoa mwanawe kafara" unajua mara moja kinachosemwa: mtu ameuawa ili mwingine atajirike. Aliyekulia na maana hiyo, akiambiwa Yesu alitolewa kafara, anaweza kupiga picha ya mungu mwenye kiu anayelipwa damu ili atulie. Watafsiri wa Biblia ya Union walipochagua "upatanisho" na "kipatanisho" walitukinga na mengi, nami nadhani walifanya vyema.

Tushuke sasa kwenye utaratibu, maana teolojia ya Waebrania haishiki bila huo.

Sadaka ya dhambi ya mtu wa kawaida, Walawi 4:27-35, ilikuwa mbuzi jike au kondoo jike asiye na kilema. Mwenye kosa alimleta mwenyewe, akaweka mkono juu ya kichwa chake, akamchinja mwenyewe. Hili huwashangaza wengi: mchinjaji ni mkosaji, si kuhani. Kazi ya kuhani ilianza damu ilipotoka. Sheria za Kiyahudi zilizokusanywa katika Mishna, karibu mwaka 200 baada ya Kristo, zinaigawa kazi ya damu katika hatua 4: kuchinja, kukinga, kupeleka madhabahuni, kupaka au kunyunyiza. Hatua ya kwanza ilimfaa hata asiye kuhani. Kuanzia ya pili ilikuwa kuhani tu, naye akinge kwa mkono wa kuume. Kisha alichovya kidole, akapaka pembe za madhabahu ya sadaka ya kuteketezwa, na damu yote iliyobaki akaimwaga chini ya madhabahu. Mafuta yanayofunika matumbo, figo mbili na kitambi cha ini vikateketezwa. Nyama ilikuwa ya kuhani, ailie mahali patakatifu.

Pigia hesabu kiasi. Mbuzi wa kilo 30 ana damu kama lita 2, na akichinjwa hutoka kama nusu yake. Kilichohitajika kwa pembe nne ni kile kinachoshika kwenye ncha ya kidole. Kwa fahali tofauti inazidi: lita nyingi zinatoka, na matone machache tu yanafanya kazi yote. Kinachobaki hakipotei ovyo, kinamwagwa mahali pake, lakini hakuna sadaka iliyopata nguvu kwa wingi wa damu. Anayesema msalabani ilimwagika damu "nyingi vya kutosha" anaongeza kipimo ambacho Torati haikukiuliza. Isitoshe, wengi husema kusulubiwa ni kifo cha kukosa pumzi na kuishiwa nguvu zaidi ya kuvuja damu, na Yohana 19:34 inaweka damu na maji baada ya kifo.

Tatizo la kazini lilikuwa kuganda. Anayekinga damu ya mbuzi kwa ajili ya mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) anajua kwamba usipoikoroga mara moja kwa kijiti, baada ya dakika chache una donge. Damu iliyoganda hainyunyiziki. Ndiyo sababu, kwa maelezo ya Mishna, mabakuli ya makuhani siku ya Pasaka hayakuwa na kitako: kuhani asiweze kuliweka chini akasahau. Walisimama kwa safu, mabakuli ya fedha safu yao na ya dhahabu safu yao, wakipokezana kutoka mkono hadi mkono mpaka kwa yule aliye karibu na madhabahu. Na siku ya Upatanisho kuhani mkuu, akiisha kumchinja fahali wake, ilimpasa kwanza aingie patakatifu pa patakatifu na chetezo cha makaa na konzi mbili za uvumba. Damu ilikuwa ikimsubiri nje. Basi alimkabidhi kuhani mwingine bakuli, na kazi ya yule katika muda wote huo ilikuwa moja: kukoroga.

Akirudi kuichukua aliingia tena, akanyunyiza mara moja kuelekea juu na mara saba kuelekea chini, akihesabu kwa sauti: moja, moja na moja, moja na mbili, mpaka moja na saba. Kuhesabu kulikuwa na maana, kwani kosa la hesabu lingeharibu. Akitanguliza damu ya mbuzi kabla ya ile ya fahali, ilimbidi arudie ya mbuzi. Bakuli likimwagika kabla hajamaliza minyunyizo ya ndani, ililetwa damu nyingine na akaanza upya pale ndani. Mabaki ya damu yalipita kwenye matundu mawili kwenye pembe ya kusini-magharibi ya madhabahu, yakaingia mferejini hadi kijito cha Kidroni, na wenye bustani waliyanunua kama mbolea. Aliyeyachukua bila kulipa alihesabiwa amefuja mali ya hekalu. Naipenda habari hiyo ya mbolea kuliko mahubiri mengi niliyoyasoma kuhusu damu. Inaonyesha kwamba watu waliokuwa karibu nayo kila siku hawakuiogopa kama uchawi. Waliiheshimu.

Sasa fuata mahali damu inapokwenda. Akikosa mtu wa kawaida, au mtawala, damu hupakwa pembe za madhabahu ya nje, uani. Akikosa kuhani aliyetiwa mafuta, au mkutano wote wa Israeli, damu inaingia ndani ya hema: hunyunyizwa mara saba mbele ya pazia na kupakwa pembe za madhabahu ya kufukizia uvumba. Mara moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba, inavuka pazia hadi kiti cha rehema. Kadiri cheo cha mkosaji kinavyopanda, ndivyo uchafu unavyozama ndani, na damu inaufuata huko huko. Jacob Milgrom, mtaalamu wa Kiyahudi wa Mambo ya Walawi, alijenga hoja yake kubwa hapa: sadaka tunayoiita ya dhambi ni sadaka ya kusafisha, na kinachosafishwa ni mahali pa Mungu. Ndiyo maana mama aliyejifungua anaileta (Walawi 12), na Mnadhiri aliyemaliza nadhiri yake analeta (Hesabu 6), ilhali hakuna hata mmoja wao aliyetenda dhambi. Si wote wanaokubaliana naye katika kila jambo. Walawi 16:30 yenyewe inasema siku hiyo ni ya kuwatakasa ninyi, watu. Lakini jambo moja halina ubishi kwa yeyote anayesoma kwa kidole kwenye mstari: katika sadaka ya dhambi ya kawaida, damu haimgusi aliyekosa. Inagusa samani.

Na yule mbuzi wa pili wa siku ya Upatanisho, ambaye Haruni aliweka mikono miwili juu ya kichwa chake na kuungama maovu yote ya Israeli, hakuchinjwa kabisa. Alipelekwa jangwani kwa Azazeli akiwa hai. Mbuzi aliyebebeshwa dhambi hana damu katika ibada hii, na mbuzi aliyetoa damu hakubebeshwa dhambi kwa ungamo. Ukiona mchoro wa shule ya Jumapili unaounganisha yote mawili katika mnyama mmoja, ujue umefupisha mambo.

Je, kuna wakati damu inawagusa watu? Upo, na ni mara chache kiasi kwamba kila mara inastahili kusimama.

Ya kwanza ni Sinai, Kutoka 24. Musa alitia nusu ya damu mabakulini na nusu akainyunyiza juu ya madhabahu. Akasoma kitabu cha agano. Watu wakajibu kwamba yote aliyoyanena Bwana watayatenda na kutii. Ndipo, na si kabla, akatwaa damu na kuwanyunyizia, akisema hii ndiyo damu ya agano. Petro anaishika picha hiyo hiyo anapowaandikia wateule kwamba wamechaguliwa "katika kutakaswa na Roho, hata mkapata kutii na kunyunyiziwa damu ya Yesu Kristo". Kutii kwanza, kunyunyiziwa baadaye. Mpangilio huo unatatiza ukiusoma peke yake, kana kwamba utii ndio unaonunua damu. Ukiuweka juu ya Kutoka 24 unakaa sawa: ni mpangilio wa siku ile ya agano, watu wakiitikia na agano likifungwa.

Ya pili ni kuwekwa wakfu kwa makuhani, Walawi 8. Damu ya kondoo mume ilipakwa ncha ya sikio la kuume la Haruni, kidole cha gumba cha mkono wake wa kuume, na kidole kikubwa cha mguu wake wa kuume. Wanawe vilevile. Baadaye damu ya madhabahuni pamoja na mafuta ya kutiwa vilinyunyizwa juu yao na mavazi yao, nao wakakaa mlangoni pa hema siku 7.

Ya tatu ni mwenye ukoma aliyepona, Walawi 14. Siku ya kwanza ndege wawili: mmoja anachinjwa juu ya maji ya mtoni ndani ya chombo cha udongo, na wa pili, akiwa hai, anachovywa humo pamoja na mti wa mwerezi, sufu nyekundu na hisopo. Aliyepona ananyunyiziwa mara saba na yule ndege hai anaachiwa aruke. Mtu anafua nguo, ananyoa nywele zote, anaoga, na siku ya saba anarudia kunyoa, safari hii hata ndevu na nyusi. Siku ya nane analeta wanakondoo wawili wa kiume na mmoja jike, sehemu tatu za kumi za efa ya unga, na logi moja ya mafuta, kama theluthi ya lita. Damu ya sadaka ya hatia inapakwa sikio la kuume, gumba la kuume, kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Kisha mafuta yanapakwa juu ya damu, palepale.

Sehemu zile zile tatu. Mtu aliyekuwa nje ya kambi, akipiga kelele "Ni najisi, ni najisi", anapakwa damu mahali pale pale alipopakwa kuhani mkuu. Mishna inaongeza jinsi ilivyofanyika wakati wa hekalu: aliyepona alisimama kwenye lango la Nikanori, hajaruhusiwa bado kukanyaga uani, akaingiza kichwa ndani apakwe sikio, kisha mkono, kisha mguu. Na asiye na gumba la kuume? Mmoja wa walimu wao akasema huyo hatatakasika kamwe. Eliezeri akasema apakwe mahali kilipokuwa kidole. Simeoni akasema akipakwa upande wa kushoto inatosha. Wapo waliopoteza vidole, kwa hiyo swali hilo halikuwa la wanaokaa chini ya mti bila kazi.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Walawi 10:10 inampa kuhani kazi ya kutenganisha mambo manne yaliyo katika jozi mbili: kitakatifu na kisicho kitakatifu, najisi na safi. Ni ngazi yenye vipandio vitatu. Chini kuna najisi, katikati kuna safi lakini cha kawaida, juu kuna kitakatifu. Mwenye ukoma alipanda kutoka najisi hadi safi. Haruni, aliyekuwa safi tayari, alipanda kutoka kawaida hadi takatifu. Kiebrania na Kigiriki vina vitenzi tofauti kwa kila kipandio. Kiswahili chetu hutumia "takasa" kwa vyote viwili, na hapo ndipo msomaji anapopotea bila kujua. Katika 1 Yohana 1:7 damu ya Yesu "yatusafisha dhambi yote": ni kipandio cha kwanza. Katika Waebrania 13:12 Yesu aliteswa nje ya lango "ili awatakase watu kwa damu yake mwenyewe": ni cha pili, kuwekwa wakfu, kufanywa mali ya Mungu kwa kazi yake. Mhubiri anayesema utakaso akimaanisha kufutiwa madoa tu amemfikisha msikilizaji wake katikati ya ngazi na kumwacha hapo.

Waebrania haimwachi. Soma 9:13-14 polepole. Damu ya mbuzi na mafahali na majivu ya ndama ya ng'ombe hutakasa hata kuusafisha mwili, je, damu ya Kristo haitasafisha zaidi dhamiri na matendo mafu, "mpate kumwabudu Mungu aliye hai?" Kitenzi cha Kigiriki kilichotafsiriwa "kumwabudu" ni kile cha huduma ya hekaluni. Dhamiri inasafishwa ili mtu aingie zamu. Kuhusu yale majivu: ni ya mtamba mwekundu wa Hesabu 19, asiye na kilema, asiyewahi kufungwa nira, ambaye baada ya damu yake kunyunyizwa mara saba kuelekea hema, iliyobaki iliteketezwa pamoja na ngozi, nyama na mavi yake. Kwa maneno mengine, majivu yale ni damu iliyokaushwa ikatunzwa, ikangojea maji tu. Aliyegusa maiti alinyunyiziwa siku ya tatu na ya saba. Ajabu ni kwamba aliyeyakusanya majivu yenyewe alikuwa najisi hata jioni.

Mwandishi wa Waebrania anafanya pia jambo ambalo mhariri wa leo angemrudishia karatasi. Katika 9:19 anasema Musa aliwanyunyizia watu kwa damu pamoja na maji na sufu nyekundu na hisopo, na kitabu chenyewe pia. Kutoka 24 haitaji maji wala sufu wala hisopo wala kitabu kunyunyizwa. Vitu hivyo vinatoka kwa mwenye ukoma na mtamba mwekundu. Wapinzani hukiita kitendo hiki kosa. Mimi nakiona ni makusudi: amekunja ibada tatu kuwa moja kwa sababu kwake Kristo ni zote tatu kwa pamoja, agano la Sinai, aliyegusa maiti kusafishwa, na aliyetengwa kurudishwa kundini.

Kisha kuna nyakati za vitenzi, ambazo zimegawa makanisa. Waebrania 10:10 inasema mmepata utakaso kwa kutolewa mwili wa Yesu Kristo mara moja tu: limetendeka, limekaa. Mistari minne mbele inasema amewakamilisha hata milele "hao wanaotakaswa": linaendelea. Walutheri hutilia mkazo la kwanza. Wamethodisti wa urithi wa Wesley husisitiza la pili, hata kufikia utakaso kamili katika maisha haya. Wakatoliki huiona damu ile ile ikitolewa kisakramenti katika Misa, na mwezi wa Julai kwao ni mwezi wa Damu Azizi. Papa Pius IX aliiweka sikukuu yake katika kalenda ya Kanisa zima mwaka 1849, na tangu marekebisho ya 1969 imeunganishwa na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Wamisionari wa Damu Azizi, shirika lililoanzishwa na Gaspar del Bufalo nchini Italia mwaka 1815, wanajulikana vyema Tanzania. Tofauti hizi si ndogo, lakini kila upande una mstari wake mkononi, na mistari yenyewe imetenganishwa na pumzi moja tu.

Afrika Mashariki ina sura yake mwenyewe katika habari hii. Uamsho ulioanza miaka ya 1930 Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulikuwa uamsho wa damu ya Mwana-Kondoo waziwazi: kiitikio chake cha Kiganda, Tukutendereza, kinamshukuru Yesu kwa kuwa damu yake imeosha, na bado kinaimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiganda. Desturi yake ya kutembea nuruni ni 1 Yohana 1:7 iliyowekwa miguu: unaitaja dhambi kwa jina mbele ya wenzako, unarudisha ulichoiba. Hilo la kurudisha ni Walawi 6:1-7 moja kwa moja. Aliyedhulumu kwa kukusudia alirudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano, siku ile ile, kwa mwenyewe aliyedhulumiwa, ndipo alete kondoo wa sadaka ya hatia. Ukimpunja mtu shilingi 100,000, unampelekea 120,000 kwanza. Damu haikulipa deni la jirani.

Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, kuanzia 1952, wengi wa watu wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba wamekwisha kushiriki damu ya Kristo, hawawezi kushiriki damu nyingine. Wengine waliuawa kwa hilo. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu siasa za wakati ule. Upande wa fundisho, walikuwa wameielewa Waebrania 10:29 barabara: inaonya juu ya "kuihesabu damu ya agano aliyotakaswa kwayo kuwa ni kitu ovyo". Kinyume cha kitakatifu hapo ni ovyo, cha kawaida, kimoja kati ya vingi.

Mambo huharibikia wapi siku hizi? Kwanza katika ungamo linalomtaja mtu wa pili asiyekuwepo. Walawi 5:5 inataka mtu aungame jambo lile alilolikosa yeye. Pili katika usemi wa "najifunika kwa damu ya Yesu" unaorudiwa kabla ya kila safari ya basi. Mfano wa karibu kabisa katika Biblia ni mlango wa Pasaka ya Misri: kitita cha hisopo, damu bakulini, miimo miwili na kizingiti cha juu. Lakini damu ile ilikuwa ya nyumba, na ilikuwa na sharti: mtu asitoke mlangoni mpaka asubuhi. Aliyejipaka kisha akatoka hakuahidiwa kitu. Zaidi ya hayo ilikuwa usiku mmoja, na katika Pasaka za hekaluni damu ilikwenda madhabahuni, si milangoni. Siwacheki wanaoomba hivyo. Wanaomba ulinzi, na kuomba ulinzi ni haki yao. Ila Ufunuo 12:11, mstari wanaoutegemea, una vitu vitatu: damu ya Mwana-Kondoo, neno la ushuhuda wao, na kutopenda maisha yao hata kufa. Kipande cha tatu hakitajwi sana kwenye basi.

La tatu ni hofu kwamba damu imeisha nguvu kwa sababu dhambi ile ile imerudi. Hapa kitenzi cha Yohana kinasaidia: yatusafisha, sasa, huku tukienenda nuruni. Hakuna haja ya kuokoka upya kila Jumapili jioni. Aliyekwisha kuwekwa wakfu hakurudishwa kupakwa sikio upya. Aliosha mikono na miguu kwenye birika la shaba kila alipoingia kazini (Kutoka 30:18-21), na Waebrania 10:22 inavitaja vyote viwili bila kuvichanganya: mioyo imenyunyiziwa, miili imeoshwa kwa maji safi.

Umebaki mzoga. Mnyama ambaye damu yake iliingia ndani ya hema hakuliwa. Ngozi, nyama, kichwa, miguu na mavi vilichukuliwa nje ya kambi, mahali safi palipomwagwa majivu, vikateketezwa kwa kuni (Walawi 4:11-12). Musa aliwakasirikia Eleazari na Ithamari kwa kukosea sheria hii kinyume chake: damu ya mbuzi wao haikuingia ndani, nao wakamteketeza badala ya kumla (Walawi 10:16-18). Waebrania 13 inachukua kanuni hiyo ya jikoni na kuipeleka Golgotha, nje ya lango, kisha inasema tumtokee huko nje ya kambi. Mistari miwili baadaye inataja tena dhabihu: tunda la midomo, kutenda mema, kushirikiana mlicho nacho. Baada ya damu yote iliyotangulia, hizo za mwisho hazina damu, kama ule unga.